Wanaokaa Kati ya Chuma na Chuma

Gari likisifiwa, husifiwa injini. Vijana wetu wanaopenda Subaru Impreza watakueleza habari za turbo, mlio wake, na jinsi Colin McRae alivyolishindia Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997. Hatujamsikia hata mmoja akisifu bushi. Lakini gari hilohilo lenye nguvu zote hizo, bushi zake za nyuma zikichakaa halitulii barabarani. Ukikanyaga breki mkia unayumba, kwenye kona gurudumu la nyuma linataka kufuata njia yake, tairi zinalika upande mmoja, na kila shimo linagonga kama mtu anayebisha hodi kwa nyundo.

Bushi yenyewe ni kitu kidogo cha kuenea kiganjani. Ni bomba dogo la chuma ndani ya bomba kubwa kidogo, na katikati yake mpira ulioshikamana na chuma pande zote mbili. Bomba la nje limeshindiliwa kwenye mkono wa chuma unaoshika gurudumu. La ndani hupitishwa bolti, likakazwa kwenye mwili wa gari. Gurudumu linapopanda na kushuka hakuna kinachoteleza humo ndani. Ni mpira unaojisokota, kisha unarudi mahali pake. Gurudumu lina fujo zake, mwili wa gari una uzito wake, na mpira huo umewekwa kati ya chuma na chuma ili visiumizane.

Wapendwa, swali tunalotaka kuuliza si la ufundi. Katika familia zetu na sharika zetu wapo watu wanaofanya kazi hii ya mpira. Je, ni halali kumfanya mtu awe bushi ya wengine? Na kama ni halali, kwa masharti gani?

Watu hao tunawajua. Ni mke wa kaka mkubwa ambaye mashemeji zake hawasemezani, kila neno linapitia kwake, naye hulitoa sumu kabla ya kulifikisha upande wa pili. Ni binti aliyebaki nyumbani kati ya baba mkali na kaka zake. Na katika kanisa letu ni mwinjilisti wa mtaa. Juu yake kuna mchungaji, halmashauri na malengo ya makusanyo. Chini yake kuna washarika ambao mahindi yao yamekaukia shambani. Barua inapotoka usharikani ikitaja kiasi, yeye ndiye anayeisoma mbele ya watu, na ndiye atakayepita nyumba kwa nyumba. Washarika wakikasirika humkasirikia yeye. Fedha zisipofika, anayeulizwa ni yeye. Posho yake sote tunaijua. Watu husema, "Mwinjilisti wetu ana moyo sana." Ni kweli anao.

Wengi watajibu haraka kwamba ndivyo upendo ulivyo. Mtume Paulo anafundisha katika 1 Wakorintho 13 kwamba upendo huvumilia yote, na katika Wagalatia 6:2 anatuagiza tuchukuliane mizigo. Hatuna la kupinga hapo. Lakini tusiifunge Biblia mapema, kwa sababu mistari mitatu tu mbele, katika 6:5, Paulo anasema kila mtu ana mzigo wake wa kubeba mwenyewe. Katika Kiyunani ametumia maneno mawili tofauti: mstari wa pili ni uzito unaomwelemea mtu, wa tano ni furushi la kawaida la msafiri. Jirani yangu akielemewa, nimsaidie. Furushi lake la kila siku, yaani hasira yake, neno lake la kuomba radhi, deni lake la kusema ukweli kwa ndugu yake, hilo hana ruhusa ya kumtwika mtu wa katikati miaka ishirini na kumwita mvumilivu.

Jambo hili lilitufungukia zaidi tukiwa chini ya gari. Tulikuwa watatu: wachungaji wawili, na mpwa wa mmoja wetu, mwenye Impreza ya zamani iliyoletwa kutoka Japani ikiwa imetumika. (Watakaouliza wachungaji na gari la mbio wapi na wapi, tunawajibu kwamba kijana alitaka kujifunza, na mazungumzo tuliyofanya naye siku hizo mbili tusingeyapata ofisini.) Kazi tuliifanyia nyumbani, uani, gari likiwa juu ya stendi imara, maana anayelala chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake anamjaribu Mungu. Bolti ndefu ya mikono ya nyuma ilikuwa imeshikana kwa kutu na bomba la ndani la bushi, nayo ilitula nusu siku. Bushi zilipotoka tuliona ajabu. Kwa nje zilikuwa na vumbi tu kama bushi yoyote. Ndani mpira ulikuwa umeachana na chuma karibu mzunguko mzima. Tuliishindilia mipya kwa jiliwa, soketi ndogo ikisukuma upande huu na soketi kubwa ikipokea upande ule, polepole, isije ikaingia upande.

Kijana sasa akataka kukaza nati zote mara moja, gari likiwa bado juu na magurudumu yananing'inia. Ndiyo hali rahisi: nafasi ipo, mkono unafika, mwanga unatosha. Hapo ndipo mafundi wengi wa nyumbani huharibu kazi nzuri. Ukikaza gari likiwa hewani, mpira unashikwa katika hali hiyo ya kuning'inia, na hiyo inakuwa ndiyo hali yake ya kupumzika. Ukilishusha, uzito wa gari unausokota mpira kabla gari halijasogea hata hatua moja. Tangu siku ya kwanza hauna mahali pa kupumzikia. Gari limeegeshwa, usiku, watu wamelala, nao bado umesokotwa. Utapasuka mapema, na mwenye gari atasema bushi zilikuwa mbovu. Njia ya haki ni kuacha bolti zikiwa zimelegea, kulishusha gari hadi magurudumu yabebe uzito wake wote, na ndipo ukaze. Tuliweka vipande vya mbao ngumu chini ya magurudumu ili ipatikane nafasi ya kuingia, stendi tukaziacha karibu kwa usalama, tukajikunja humo chini tukaza moja moja. Ni kazi ya kuchosha mabega.

Sasa tazameni jinsi tunavyowaita watu kwenye utumishi. Mtu anaambiwa, "Ni kazi ndogo tu, utatusaidia kwa muda." Anakubali siku ambayo hakuna mzigo, amani ipo, wote wanatabasamu, na sala inafungwa. Amekazwa hewani. Mzigo wenyewe unashuka baada ya hapo, na kila siku anayoamka amekwisha kusokotwa kabla ya simu ya kwanza kuingia. Akipasuka, akaanza kunywa pombe, akahama usharika au akanyamaza tu, tunasema hakuwa na wito. Nasi katika vyuo vya theolojia tunafundisha mengi kuhusu wito, lakini kuhusu uzito tunafundisha kidogo.

Wapo wanaotafuta dawa nyingine. Siku hizi zinauzwa bushi za plastiki ngumu, poliurethani, ambazo wenye magari ya mbio huzipenda. Ni kweli zinadumu, na gari linaitikia usukani kwa haraka zaidi. Lakini kila mtikisiko zinaupeleka kwenye mwili wa gari na kwa abiria. Vivyo hivyo mtu wa katikati anaweza kujifanya mgumu. Akitukanwa, anapeleka tusi lilelile kama lilivyo. Akiletewa barua, anaisoma na kwenda zake. Huyo hapasuki. Hatumlaumu sana, kwa sababu mara nyingi alikuwa laini zamani, na hakuna aliyemwangalia.

Kwa Walutheri kuna neno zaidi hapa. Tunakiri katika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kwa kufuata 1 Timotheo 2:5, kwamba Mpatanishi wetu mbele za Mungu ni mmoja, Kristo. Kwa kawaida tunalitumia neno hilo kuelezea kwa nini hatuwaombi watakatifu. Ni mara chache tunalitumia kwa ajili ya mke wa kaka mkubwa. Lakini kama mapigo ya uadui kati ya Mungu na wanadamu, na kati ya mtu na mtu, yamekwisha kubebwa mara moja pale msalabani, basi hakuna mwanadamu mwingine anayepaswa kuyabeba kwa mwili wake mpaka afe ili sisi tuishi kwa amani. Martin Luther aliandika mwaka 1520 kwamba Mkristo ni huru kabisa na pia ni mtumishi wa wote. Tukimfundisha mwinjilisti nusu ya pili na kumficha nusu ya kwanza, hatujamfundisha Injili. Utumishi wake una kikomo, unapokezanwa, una likizo. Yethro alimwambia Musa wazi, katika Kutoka 18, kwamba ataishiwa nguvu, yeye na watu walio pamoja naye. Na katika Hesabu 11 Musa alipofika mahali pa kuomba afe, Mungu hakumpa hotuba ya uvumilivu. Alimwambia akusanye wazee sabini.

Tunajua mtaa mmoja, hatutautaja, ambao halmashauri yake iliamua kwamba barua ya malengo isisomwe tena na mwinjilisti. Mhazini wa usharika, aliyeshiriki kuiandika, ndiye aliyekuja kuisoma Jumapili ile. Washarika walimwuliza maswali karibu saa nzima, mengine kwa ukali, naye alijibu aliyoweza, mengine akayaandika kwenye daftari ili arudi nayo kwa wenzake. Mwinjilisti alikuwa ameketi benchi la tatu, pamoja na mkewe.