Jumanne: Nauli ya Wakala

Soma Luka 3:10–14. Je, Yohana aliwaagiza watoza ushuru na askari waache kazi zao? Aliwataka wabadilishe nini?

Watoza ushuru walikuja kubatizwa wakiwa na swali la kazini. Yohana hakuwaambia waiache meza ya ushuru. Aliwarudisha kwenye kiwango kilichowekwa. Agizo hilo lilikuwa gumu kuliko linavyosikika, kwa maana faida yao ilikuwa katika kile walichozidisha.

Mfikirie wakala wa fedha za simu katika kata ya Kurui, wilayani Kisarawe. Tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, kibanda kama chake kimekuwa benki ya kijiji. Ada ya kutoa fedha hukatwa kwenye salio la mteja, na wakala hulipwa kamisheni na kampuni. Lakini fedha taslimu zikimwishia, hupanda bodaboda kuzifuata mjini, na nauli humeza kamisheni ya siku nzima. Basi humtoza mteja shilingi elfu moja zaidi, jambo ambalo kampuni haziruhusu. Vijana wanaosoma ujumbe kwenye simu zao wanajua wanacholipa, na wengine hukubali bila kinyongo. Bibi asiyejua kusoma humkabidhi simu pamoja na namba ya siri. "Nitolee, mjukuu wangu," husema, kisha hupokea zilizobaki na kumwombea baraka.

Nauli ni ya kweli, wala wakala si tajiri. Gehazi naye angeweza kusema kwamba Naamani alikuwa na mali nyingi na alitoa kwa moyo (2 Wafalme 5:20–27). Lakini Naamani hakujua kilichokuwa kikiendelea. Bibi naye hajui.

Wakala akiacha kutoza, huenda akafunga kibanda, na bibi atalipa nauli yake mwenyewe hadi mjini. Akiendelea, anamtoza mtu asiyeweza kuuliza. Anaweza kubadilishana na wenye maduka ili apate fedha taslimu za mauzo yao, na kumsomea bibi kila kiasi mbele ya ndugu anayemwamini. Hata hivyo kipato chake kitapungua. Zakayo pia alipungukiwa, tena siku ileile (Luka 19:8).

Wakala huyu akiomba ubatizo Sabato ijayo, darasa lenu litamshauri nini kuhusu zile elfu moja alizokwisha kutoza?