Kitanda cha Mtoto Siku ya Kuhama

Je, yafaa mtu mzima kupenda mbao? Huenda swali hili likakuchekesha, lakini siku ya kuhama limewatia wengi ugomvini.

Chukua familia ya mwalimu. Mwaka 2018 Tume ya Kuwaajiri Walimu ilianza kuwapeleka walimu wakuu wengi nje ya kaunti zao za nyumbani, na jamaa nyingi zikafunga virago. Tuseme huo ni uhamisho wao wa nne. Lori limekodishwa kwa bei ghali, na nyumba wanayokwenda ina vyumba viwili tu. Katikati ya mizigo kimesimama kitanda cha mtoto kilichotengenezwa na seremala wa mtaani. Kitinda mimba alikiacha miaka kumi iliyopita. Baba asema kiuzwe. Mama asema kipakiwe. Nani ana haki?

Kwanza, tusimcheke mama. Kwetu mzazi huitwa kwa jina la mwanawe. Kabla ya mtoto kulazwa hapo, hawa wawili waliitwa kwa majina yao tu. Baadaye wakawa Baba Kamau na Mama Kamau. Tena, mtu aliyetulia mahali pamoja huwaonyesha wanawe mlango na kuwaambia, "Mlikulia humu." Mtu wa kuhamahama hana mlango huo. Nyumba zote alizokaa sasa zina wapangaji wengine. Kitanda ndicho sehemu ya nyumba yake ambayo haikubadilika.

Lakini baba naye tumsikilize. Nyanya zetu wengi hawakuwa na kitanda cha namna hii. Mtoto alilala ubavuni mwa mamake, na mchana akabebwa mgongoni. Je, walipenda watoto wao kwa upungufu? Hasha! Basi mapenzi hayakai katika mbao. Mbao hutukumbusha tu, na kikumbusho chaweza kuwa kidogo: leso aliyobebewa mtoto hukunjwa ikatosha mfukoni.

Kwa hiyo, kosa halimo katika kukitunza kitanda wala katika kukitoa. Kosa ni kuamua peke yako. Mume anayekiuza mkewe akiwa sokoni ameuza kisichokuwa chake peke yake. Mke anayekipakia kwa nguvu, huku meza ya watoto ya kusomea ikiachwa nyuma, naye amekosea. Kabla ya kuulizana, "Kitatugharimu pesa ngapi?" ulizaneni, "Kinakukumbusha nini?" Huenda mke bado anatamani mtoto mwingine na hajathubutu kusema. Huenda yuko mtoto aliyelala hapo akafariki, na wazazi wake hawajawahi kumlilia pamoja. Huenda mume akikitazama hukumbuka miezi aliyokosa pesa za maziwa, akaona aibu. Hayo yasiposemwa, hata kitanda kikitoka ugomvi utabaki. Na mwenzako akiwa katika msiba, usimharakishe. Afadhali kulipia nafasi katika lori kuliko kuujeruhi moyo wake mara ya pili.

Kuna jambo jingine. Wazazi wengi hukitunza kitanda ili wajukuu wakilalie. Wahenga walisema ya kale ni dhahabu, ila si yote. Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi, nayo hudhuru ubongo wa mtoto anayetafuna fito. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo katika matumizi ya nyumbani mwaka 1978. Mwaka 2011 ikakataza pia kuuzwa kwa vitanda vya watoto vyenye ubavu wa kuteremshwa, kwa sababu watoto walikuwa wamenaswa humo wakafa. Chukua mkebe wa soda uupitishe kati ya fito. Ukipita, nafasi ni kubwa mno. Isizidi sentimita 6. Tikisa miguu uone kama misumari imelegea. Ukimlaza mjukuu katika kitanda cha hatari kwa kuwa babake alilala hapo, umekiheshimu kitanda ukamsahau mtoto. Kitanda ni mtumishi wa mtoto, wala mtoto si mtumishi wa kitanda.

Basi kaeni chini, wewe na mwenzako, wiki moja kabla ya lori kufika. Kama kitanda ni kizima na jirani anatarajia mtoto, mpeni. Huko kitaendelea na kazi iliyokifanya kipendwe. Kama kimechakaa, ng'oeni ufito mmoja wenye alama za meno, muuhifadhi. Na kama mmoja wenu bado hawezi kuachana nacho, mwingine akubali kukibeba safari hii pia, bila kunung'unika njiani.