Bei ya Bunduki ya Maskini

Haja ni mwalimu mkali, lakini si kila afundishalo ni haki. Mkulima wa Kiwangwa, katika Mkoa wa Pwani, hupanda nanasi akalingoja zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kulionja. Nguruwe mwitu hangoji. Huja usiku mmoja akaondoka na jasho la miezi. Bunduki ya dukani, pamoja na kibali chake, i mbali na mfuko wa mkulima huyo. Karibu naye yupo mhunzi awezaye kugeuza bomba la maji kuwa gobore, na yupo kijana mwerevu asemaye kuwa bunduki ya upepo haihitaji hata baruti. Je, mwenye haja na ufundi ana haki ya kujitengenezea silaha kwa fedha chache alizo nazo?

Utetezi wake si mwepesi. Jembe la mhunzi halichekwi na mtu. Ufundi ni heshima ya mwanadamu, na aliyepanda ana haki ya kulinda alichopanda. Wala silaha ya hewa si ndoto ya watoto: jeshi la Austria liliitumia bunduki ya Girardoni mwishoni mwa karne ya 18.

Lakini jembe na bunduki hutofautiana pale vinapovunjika. Jembe likivunjika, mkulima hupoteza siku. Mtutu ukipasuka, hupoteza jicho, na pengine jicho hilo si lake. Gurudumu la gari dogo hutiwa hewa yenye nguvu mara mbili au tatu ya hewa ituzungukayo. Bunduki za upepo za leo huweza kutiwa hewa yenye nguvu mara 200. Bomba lililofanywa kwa ajili ya maji halikukusudiwa kustahimili mzigo huo, wala moto wa baruti, na jicho la fundi halioni ufa uliomo ndani ya chuma. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hapa huingia pia asiyechimba.

Basi urahisi wa silaha hiyo ni nini? Bei yake haikupunguzwa, imehamishwa. Kiasi ambacho mtengenezaji hakulipa kwa fedha, jirani hukilipa kwa hatari, na jirani hakuulizwa shauri. Hapo ndipo sheria ya silaha ya mwaka 2015, inayokataza kutengeneza silaha bila leseni, inapopata uzito wake: hakuna mtu awezaye kuweka rehani mwili wa mwingine. Lakini katazo halilindi shamba. Jamii inayomnyang'anya mkulima gobore ikamwacha na nguruwe peke yake imetimiza nusu ya wajibu.

Nusu ya pili ni kukesha pamoja naye. Ulinzi wa zamu, debe la kupigwa na moto wa mpakani ni njia za kale na za kimaskini. Nazo zina bei, ambayo ni usingizi. Ila usingizi huo hulipwa na mwenye nanasi na majirani waliokubali, wala haulipwi na mtoto apitaye njiani. Maskini anastahili vitu rahisi. Hakuna, awe maskini au tajiri, astahiliye urahisi unaolipwa na mtu asiyejua kuwa anadaiwa.