Kudumu kwa Duka la Vitabu: Mfano wa Bertrand wa Lisbon

Miongoni mwa maswali ya kale ya falsafa ni lile la udumifu wa vitu, yaani namna kitu kinavyoweza kubadilika katika sehemu zake zote na bado kikahesabiwa kuwa ni kilekile cha mwanzo. Kwa kawaida swali hilo huelezwa kwa merikebu ya Theseus, shujaa wa Wagiriki, ambayo kwa mujibu wa Plutarch Waathene waliihifadhi kwa kuziondoa mbao zilizooza na kutia mpya, hata wanafalsafa wakagawanyika, baadhi wakishikilia kuwa merikebu ni ileile na wengine wakikana. Hata hivyo, merikebu iliyowekwa kwa kumbukumbu haidai wala haidaiwi, na kwa sababu hiyo huficha upande mmoja wa swali, ambao hudhihirika zaidi katika taasisi iliyo hai kama duka la vitabu la Bertrand la Lisbon, mji mkuu wa Ureno, linalotambuliwa na Guinness kuwa ndilo kongwe kuliko yote duniani yanayoendelea na biashara.

Duka hilo lilianzishwa mwaka 1732 na Pedro Faure, ambaye baadaye alishirikiana na ndugu wa ukoo wa Bertrand, wenye asili ya Ufaransa. Tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko la ardhi, mawimbi ya bahari na moto viliangamiza sehemu kubwa ya mji, likiwemo duka lenyewe. Wenye duka wakahamia karibu na kanisa dogo la Necessidades, na mwaka 1773 wakarejea katika mtaa wa Chiado, kwenye barabara ambayo leo huitwa Rua Garrett. Milki nayo ilipita mikononi mwa watu mbalimbali, hadi mwaka 2010 ilipochukuliwa na kampuni ya uchapishaji ya Porto Editora. Mteja anayenunua kitabu humo leo huweza kugongewa muhuri ndani yake, unaothibitisha kuwa kimenunuliwa katika duka kongwe kuliko yote, ilhali jengo, bidhaa, wauzaji na wenye mali wa mwaka 1732 hawapo tena. Ni haki kuuliza, basi, muhuri huo unathibitisha nini hasa.

Wapo wanaotafuta jibu katika mata, yaani vitu vinavyoshikika ambavyo kitu kimeundwa kwavyo. Njia hiyo Thomas Hobbes aliitia mashakani mwaka 1655, alipouliza itakuwaje mtu akizikusanya mbao kuukuu za Theseus na kuziunda upya, kwani hapo zitakuwapo merikebu mbili zinazodai jina moja. Vivyo hivyo, mtu ambaye angeokota mawe ya Bertrand baada ya tetemeko na kujengea ghala lake asingekuwa amelipata duka, bali mawe tu.

David Hume, katika kitabu chake cha mwaka 1739 kuhusu maumbile ya binadamu, alitoa mfano ulioitangulia hali ya Lisbon kwa miaka 16: kanisa la matofali hubomoka, waumini wa parokia wakalijenga upya kwa mawe na kwa umbo jingine, na bado likaitwa kanisa lilelile kwa sababu ya uhusiano wake na waumini hao. Kwa Hume, umoja wa namna hiyo hutungwa na fikra za watu. Kasoro ya rai hii ni kwamba fikra peke yake haimtenganishi mrithi wa kweli na mtu aliyepachika jina maarufu juu ya mlango wake.

Mwanga zaidi hutoka katika ilimu ya kalam, yaani elimu ya hoja za itikadi katika Uislamu. Wanazuoni wa madhehebu ya Ash'ari walifundisha kuwa aradhi, yaani sifa zinazokaa katika vitu kama vile rangi na mwendo, hazidumu nyakati mbili, bali Mungu huziumba upya kila wakati. Si lazima kuikubali itikadi hiyo yote ili kufaidika na funzo lake kwamba kudumu si mali ambayo kitu hujiwekea, bali ni tendo linalorudiwa. Kwa taasisi za wanadamu tendo hilo ni kubeba dhima, yaani kuendelea kuwajibika kwa ahadi na madeni yaliyofanywa na waliotangulia.

Huenda mtu akapinga kwamba waliolidai duka mwaka 1732 wote wamekwisha kufa. Lakini msusi wa ukili huongeza chane mpya kabla ya ile ya zamani kwisha, na ukili ukawa mmoja ingawa hakuna chane inayofika kutoka ncha hadi ncha; ndivyo dhima zinavyopokezana. Wala kununuliwa kwa duka si hoja ya kukanusha, kwa kuwa anayenunua shirika lenye madeni huyarithi pamoja nalo, na anayelidai hubaki na haki yake.

Kwa kipimo hiki, mabadiliko makubwa ya Bertrand hayabatilishi ukongwe wake, na tetemeko lenyewe lisingeweza kuukata ila kama wenye duka wangewakana wadai wao. Taasisi inayojisifu kwa umri wa karne nyingi haiwezi, kwa hiyo, kurithi sifa na kuziacha lawama: ikiudai mwaka wa kuanzishwa kuwa ni wake, basi dhuluma zilizotendwa kwa jina lake tangu mwaka huo nazo ni zake, na anayedhulumiwa ana haki ya kuikumbusha.