Sauti Moja, Amplifaya Mbili

Gitaa la umeme linapopeleka mlio wake kwenye amplifaya mbili kwa wakati mmoja, kupitia pedali iliyoundwa nyumbani, swali la zamani la wanafalsafa hutua juu ya meza ya fundi: kitu kimoja kikigawanywa, kilichopo sasa ni kimoja au viwili? Aristotle alitenganisha vitu vilivyo kimoja kwa idadi na vile vilivyo kimoja kwa umbo tu, kama alama mbili zilizopigwa kwa muhuri mmoja. Ndani ya pedali tofauti hiyo huonekana wazi.

Njia ya mkato ni kuunga nyaya mbili kwenye soketi moja. Hapo amplifaya zote mbili huinyonya koili ileile nyembamba iliyo chini ya nyuzi. Kila moja ikiwa na ukinzani wa megaomu 1, gitaa hujikuta likizihudumia kiloomu 500, na milio ya juu hufifia. Huku ni kugawana kwa kupungukiwa.

Fundi makini huweka bafa. Chipu ya TL072 inafaa sana, maana ndani yake mna vikuzaji viwili, kila tundu la kutokea likapata chake. Milango yake haichukui mkondo wa maana kutoka kwenye gitaa. Hufuata tu volti inavyopanda na kushuka, kisha hutoa mfano wake kwa nguvu ya betri ya volti 9. Umeme unaofika kwenye amplifaya, basi, si ule uliotoka kwenye gitaa hata kidogo. Kilichovuka ni mpangilio wa kupanda na kushuka, nao haupungui hata ukipokelewa na wawili. Hili ndilo jambo zito kuliko yote katika kisanduku hicho: noti haikuwa umeme tangu mwanzo, ilikuwa umbo lililobebwa na umeme.

Transfoma ya 1 kwa 1 huthibitisha hayo. Amplifaya mbili zilizochomekwa ukutani, zikikutanishwa tena na kebo za gitaa, hufanya mzunguko wa ethi, na mvumo wa hezi 50 husikika. Kukata ethi kwenye plagi kunaweza kumuua mpigaji, na hakufai kamwe. Transfoma kwenye tundu moja huuondoa mvumo kwa usalama: koili zake hazigusani, usumaku pekee ndio unaovusha noti.

Hata hivyo, kwa idadi ni viwili. Amplifaya moja ikigeuza mawimbi, spika yake huvuta wakati nyingine inasukuma, na besi hukonda. Kitu hakiwezi kujipinga chenyewe namna hiyo. Ndiyo maana pedali nyingi za kugawa mlio huwekewa swichi ya kugeuza upande mmoja.

Lipo pia sikio. Msikilizaji aliye mita 3 karibu zaidi na amplifaya moja hupokea mlio wa pili ukiwa umechelewa milisekunde 9 hivi, lakini husikia mpigo mmoja. Helmut Haas alilichunguza jambo hili mwaka 1949: mchelewo ukipita takriban milisekunde 30, mwangwi huanza kujitenga. Inavutia kusema kwamba umoja huo umo sikioni tu, lakini si kweli. Sikio haliunganishi mlio wa gitaa na honi ya gari hata vikifika pamoja. Huiunganisha milio hii kwa kuwa umbo lake ni moja, na umbo ni moja kwa kuwa uzi uliopigwa ni mmoja.