Kuimba Ukiwa Mtu Mwingine

Wanangu wa Kibera na Kawangware, nyinyi mnaofanya mazoezi ya maigizo Jumamosi kwenye kumbi za makanisa na madarasa yaliyofungwa, leo nataka tuzungumze juu ya Eric Wainaina. Najua mnamfahamu. "Daima" mmeuimba shuleni tangu mkiwa wadogo, na "Nchi ya Kitu Kidogo" wa mwaka 2001 wazazi wenu waliusikia katika kila matatu waliyopanda. Mimi nampenda kwa nyimbo hizo, lakini nampenda zaidi kwa DJ Lwanda.

Lwanda ni mhusika mkuu wa Mo Faya, tamthilia ya muziki ambayo Wainaina aliiandika na kuigiza mwenyewe. Mtaa wake unaitwa Kwa Maji. Ni mtaa wa kubuni, ila yeyote aliyewahi kulala chini ya mabati hapa Nairobi anautambua. Lwanda hutangaza redioni, watu wa mtaa wanamwamini, na wakati huohuo mwanamke wa hila aitwaye Anita ananyemelea ardhi yao. Vijana wa Gatwekera na Kisumu Ndogo, huko Kibera, watakuwa wameshanusa kisa hiki kilikotoka. Ni kwa Luanda Magere, shujaa wa Waluo aliyekuwa na mwili wa jiwe. Mikuki ilimgonga ikadunda. Maadui wakampelekea mke mrembo, na siku alipougua akamwambia mke huyo amchanje dawa. Wembe ukakataa kuingia. Ndipo Magere akatoa siri yake: chanja kivuli. Damu ikatoka, na habari zikafika kwa waliomtuma yule mke.

Tazameni sasa ugumu aliojitwika msanii huyu. Alikuwa tayari na jina. Ukiimba wimbo wa kuipenda nchi, unasimama kama wewe mwenyewe, na uwanja mzima uko upande wako. Ukiimba kama Lwanda, unaimba ukiwa mtu anayekosea, anayedanganywa, anayetoa siri kwa mtu asiyestahili, na watu waliolipa kiingilio wanakuona ukianguka. Waimbaji wengi hawakubali hilo. Wanataka kupanda jukwaani wakiwa mashujaa na kushuka wakiwa mashujaa. Lakini Magere bila kivuli ni jiwe tu, na jiwe halichezeki. Kwa hiyo mkigawana nafasi kwenye kikundi chenu, msigombanie yule mwenye nguvu. Mtafuteni mwenye kivuli.

Jambo la pili ninalomheshimia ni subira. Kazi hii haikuzaliwa ikiwa Mo Faya. Ilianza mwaka 2006 kwa jina la Lwanda, Man of Stone, kisha ikafumuliwa na kushonwa upya, hadi mwaka 2009 ikafika New York kwenye tamasha la tamthilia za muziki. Miaka mitatu, mtu yuleyule, kazi ileile. Hapa kwetu naona vikundi vikiigiza kitu mara moja siku ya Ukimwi, watu wakapiga makofi, na wiki ifuatayo kimetupwa. Mnatupa vitu vizuri, wanangu, na inaniuma.

Baadaye Wainaina alitunga muziki wa Tinga Tinga Tales, hadithi za wanyama kwa ajili ya watoto, zilizoanza kuonyeshwa kwenye televisheni mwaka 2010 na kisha zikapandishwa jukwaani. Mtu aliyeiimbia nchi nzima juu ya hongo hakuona aibu kumtungia mtoto wimbo wa tembo.

Wala msidhani jukwaa ni la watu wa mbali. Hapo Kangemi, ng'ambo tu ya Kawangware, mwigizaji Anne Wanjugu alianzisha Shangilia Mtoto wa Afrika mwaka 1994, akawachukua watoto waliokuwa wakilala barabarani na kuwafundisha kuigiza, kucheza na kuruka sarakasi. Na mkishika barabara kutoka Kangemi hadi Limuru, mtafika Kamiriithu, ambako mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa viwandani waliigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Serikali iliipiga marufuku, na kabla mwaka haujaisha wa Thiong'o alikuwa kizuizini. Mwaka 1982 walipotaka kuonyesha Maitũ Njugĩra, tamthilia iliyojaa nyimbo, walifungiwa mlango wa Ukumbi wa Taifa, kisha ukumbi wao wa kijijini ukabomolewa. Watu wa kawaida wanaoimba kisa chao wana uzito kuliko mnavyodhani.

Majuzi nilikaa nyuma nikitazama mazoezi kule Gatina, Kawangware. Msichana mmoja alikuwa na sehemu ya mama anayehamishwa. Sauti yake ni ya kutoa machozi, lakini kila wimbo ulipoanza alimwacha mwanawe wa mchezo na kutugeukia sisi, mkono kifuani, kama yuko kwenye kwaya. Nikamwomba aimbe huku akikunja blanketi na kumkabidhi mtoto sufuria. Alipungukiwa na pumzi kidogo, sauti ikakatika katikati ya mstari, na wenzake waliokuwa wakichezea simu wote wakainua macho. Hapo ndipo alipoanza kuigiza.

Na mkishajua kuigiza hivyo, mambo ya pesa yaandikwe. Mtu akiwaalika, semeni nauli ni ngapi, chakula ni cha nani, na nani ana haki ya kurekodi nyimbo zenu, yote kabla ya kupanda jukwaani. Mapenzi ya sanaa hayalipi kodi ya nyumba.

Na kisa cha kuigiza mnacho tayari. Julai 2018 matingatinga yaliingia Kibera, nyumba na shule zikabomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Baadhi yenu mlikuwa darasani wakati huo, na mnakumbuka nani alibeba mlango, nani alibeba kuku. Yaandikeni hayo na myatie nyimbo. Ila msiuite mtaa wenu Kwa Maji, jina hilo lina mwenyewe. Uiteni Mashimoni, uiteni Lindi, na matatu ipite ikipiga honi.