Kivuli cha Mchumia Juani

Wahenga walisema, "Mchumia juani hulia kivulini." Wazee huwaambia vijana methali hii ili waipende kazi, na si vibaya. Lakini methali hii ina nusu mbili. Nusu ya jua tumehubiriwa sana, nyumbani na shuleni. Nusu ya kivuli hutajwa upesi kisha ikaachwa. Leo, msomaji, na tuishike nusu hii ya pili tuichunguze. Je, pumziko ni tuzo ya kazi, au ni sehemu ya kazi? Na ikiwa ni haki ya mtu, ni nani mwenye wajibu wa kuilipa?

Tuanze na mchezo, kwa kuwa mchezo husema wazi mambo ambayo maisha huyaficha. Kuna michezo ichezwayo mezani kwa dadu, karatasi na maneno. Mchezaji mmoja husimulia safari na hatari zake. Wengine huwa mashujaa katika nchi ya majoka na wachawi, kila mmoja akisema atakalotenda. Uhai wa shujaa huandikwa kwa tarakimu: akijeruhiwa hupungua, ikifika sifuri huanguka. Mchezo ulio mashuhuri kupita wenzake wa namna hii, uitwao Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974. Katika kanuni zake za mwaka 1979, majeruhi aliyepumzika alirudishiwa nukta 1 tu ya uhai kwa siku. Katika kanuni za mwaka 2014, shujaa apumzikaye saa 8 huamka na uhai wake wote, hata kama jioni iliyotangulia alikuwa ukingoni mwa kaburi.

Usicheke, msomaji, ukadhani hayo ni ya watoto. Watungaji wa mchezo walilazimika kujibu swali ambalo kila mji hulijibu: mtu aliyechoka apewe muda gani? Na katika jibu lao la mwaka 2014 mna hekima. Kwanza, shujaa hafaidiki na pumziko hilo refu zaidi ya mara moja kwa saa 24. Maana yake, pumziko haliwekwi akiba kama nafaka ghalani. Pili, pumziko likikatizwa na saa nzima ya vita au mwendo, halihesabiwi. Maana yake, pasipo amani hapana pumziko. Tatu, wote walioizunguka meza wako chini ya kanuni moja, awe mwana wa mfalme au mwizi wa sokoni.

Lakini mchezo una uwongo mmoja, nao ni mkubwa. Usiku wa shujaa hauna gharama. Hana mtoto aliaye kwa njaa, wala mwenye nyumba angojaye kodi mlangoni. Hulala, akaamka mzima, na hakuna aliyelipa chochote. Katika maisha, kila pumziko lina mlipaji wake. Asipolilipa mwingine, mchovu hujilipia mwenyewe.

Kanuni ya pumziko haikuzuliwa na wachezaji. Hapa Mombasa ilikuwako kwa karne nyingi, na mtunzi wake alikuwa upepo. Majahazi ya Arabuni, ya Ghuba na ya Bara Hindi yaliletwa na kaskazi tangu mwezi wa Desemba, yakatia nanga katika Bandari ya Kale, karibu na Fort Jesus ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Yakisha kufika, hayakuweza kurudi mpaka kusi ivume, yapata Aprili. Nahodha angaliweza kuwa na tamaa kiasi gani, hakuweza kuununua upepo. Basi alingoja. Na katika kungoja huko chombo kilipandishwa pwani, kikasuguliwa, kikatiwa kalafati, kikapakwa deheni. Matanga yakashonwa, na mabaharia wakapata nguvu mpya. Je, siku hizo zilikuwa za uvivu? Hasha! Chombo ambacho hakikupumzishwa pwani kilijipumzisha chenyewe chini ya bahari, pamoja na watu wake.

Hata hivyo tusiisifu zamani kupita kiasi chake. Upepo ulimpumzisha nahodha. Haukumpumzisha mtumwa aliyebeba magunia, ambaye siku zake zilikuwa za mtu mwingine. Utumwa haukufutwa kisheria katika pwani hii mpaka mwaka 1907.

Kisha zikaja meli za moshi katika bandari ya Kilindini, upande wa pili wa kisiwa. Meli hizo hazikungoja kaskazi wala kusi, na mashine haijui usiku. Upepo ulipoacha kutunga sheria, ilimpasa mwanadamu azitunge mwenyewe, naye alikawia. Mchukuzi wa siku zile aliitwa kibarua, jina lililotokana na barua ndogo, yaani cheti alichopewa cha kuhesabia siku zake za kazi. Siku aliyofanya kazi ilihesabiwa. Siku aliyolala na homa haikuwako duniani. Mwezi wa Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa wapatao 15,000 waligoma, wakidai mishahara na makao yanayomfaa mwanadamu. Na makao ni nini, ikiwa si mahali pa kupumzikia? Na mshahara wa haki ni upi, ikiwa si ule unaomwezesha mtu kuketi siku moja bila ya kulala na njaa?

Sheria zilikuja polepole. Mwaka 1919 mataifa yalipatana juu ya saa 8 za kazi kwa siku katika viwanda. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila siku 7, na likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 yenye malipo kamili kwa kila miezi 12. Hizo ndizo kaskazi na kusi zetu za leo, zilizotungwa kwa wino.

Lakini simama adhuhuri katika Ndia Kuu, Mji wa Kale, utazame. Barazani wamekaa wazee wakinywa kahawa chunguchungu, na kivuli cha ukuta kimewafunika. Mbele yao anapita hamali, mkokoteni wake umejaa madumu ya maji, jasho lamtiririka. Hana mwajiri wa kumdai likizo. Akipumzika, hali. Yeye huchumia juani, na kwa siku nyingi hulia jua hilo hilo. Je, methali ni ya uwongo?

Nadhani si ya uwongo, ila tumeisoma vibaya. Tumeifanya habari, kana kwamba kivuli huja chenyewe kama jioni. Methali ile ni ahadi, na ahadi hutaka mtu wa kuitimiza. Jua ni la Mungu, lakini ukuta utupao kivuli hujengwa na watu. Anayechuma asipopata kivuli, kosa si la methali. Ni letu sisi tuliokalia baraza bila ya kusogea.

Nawe, kijana, utaniuliza haya yakuhusuje. Yakuhusu mara mbili. Kwanza, usijifanye shujaa kwa kukesha usiku kucha kuelekea mtihani. Ulichojifunza mchana hutulia akilini usingizini, na usiku ulioupoteza haurudishwi na kahawa. Wala usijifiche nyuma ya maneno yangu ukawa mvivu: chombo hupandishwa pwani ili kirudi baharini. Pili, siku moja utakuwa na mtu wa kukufanyia kazi, japo ni yaya wa mwanao au mchukuzi wa mzigo wako. Siku hiyo usimpime kwa jasho lake tu. Muulize amelala wapi, na umlipe ujira unaotosha siku ya kazi na siku ya pumziko pia.

Ukifanya hivyo, utakuwa umeitimiza nusu ya pili ya methali. Nusu ya kwanza watu maskini wameitimiza siku nyingi.